Kabla Hujasaini Karatasi ya Bima

Mimi ndiye niliyemwambia roommate wangu asaini. Naanza na hilo mapema, maana hapa chuo mambo hayafichiki.

Ilikuwa mwaka jana, muhula wa pili. Alikuwa anatoka Mwanjelwa na bajaji kurudi Iyunga, gari dogo likawagonga kwa nyuma pale Nzovwe. Mguu wa kulia ukavunjika chini ya goti. Wiki ya tatu, mguu bado umefungwa hogo, akaja jamaa wa kampuni ya bima ya lile gari. Mpole, karatasi mkononi: laki sita, saini hapa, hela kesho kutwa. Boom lilikuwa halijatoka na kodi ya geto tunadaiwa. Akaniangalia. Nikamwambia, "Saini, mwanangu. Ukienda kwa wakili atakula yote, na kesi itaenda mpaka tumalize chuo."

Akasaini. Miezi minne baadaye ikaonekana mfupa haujaunga vizuri, akafanyiwa operesheni. Gharama zikapita zile laki sita, na masomo akaahirisha. Tulipompelekea wakili ile karatasi, yule mama aliisoma mara mbili. "Wanangu," akasema, "hapa amekubali kwamba hadai tena chochote. Kuitengua ni kazi kubwa. Mngekuja kabla."

Tangu siku hiyo nimebadili msimamo, ingawa sisemi kila aliyechubuka goti atafute wakili. Ukiwa na michubuko, risiti za dawa na siku mbili za kukosa lecture, fuatilia mwenyewe. Sheria inataka kila gari liwe na angalau bima ndogo, na bima hiyo ipo kwa ajili ya watu wengine wanaoumizwa na gari hilo. Chukua namba ya gari na taarifa za bima yake, PF3, ripoti ya trafiki, na kila risiti ya hospitali, hata ya shilingi elfu mbili. Mahakamani, hasara ya fedha uliyotumia inathibitishwa kwa karatasi. Ukipoteza risiti, umepoteza hela.

Wakili anahitajika pale mfupa umevunjika, panapotajwa ulemavu, mtu amefariki, au mwenye gari anakana kosa. Hapo hudai dawa tu. Unadai pia maumivu, muda, na kazi ambayo huenda hutaweza kuifanya. Mwanafunzi wa uhandisi asiyeweza kupanda ngazi ya jengo amepoteza kitu ambacho hakina risiti, na kukipigania bila mtu anayejua sheria ni kwenda shambani bila jembe.

Najua jibu lenu, maana lilikuwa langu: hela ya wakili iko wapi? Kwanza, kuomba ushauri si sawa na kufungua kesi. Kumlipa mtu akusomee karatasi moja ni nafuu kuliko kuisaini kipofu. Pili, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, iliyotungwa kwa ajili ya wasio na uwezo. Tatu, kampuni ya bima ikikuzungusha, TIRA wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Ukiamua kuweka wakili, usimchukue kishoka anayekufuata wodini. Hakikisha jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili. Muulize atalipwa kiasi gani, lini, na mkishindwa itakuwaje. Majibu yaandikwe. Akikwepa swali la hela, aga uondoke.

Wala usikimbizwe. Kesi ya madhara ya namna hii ina miaka 3 kufunguliwa. Muda huo si wa kulalia, lakini unatosha kumsikiliza daktari akuambie mguu utaishia wapi. Anayekutaka usaini leo, na hogo bado mguuni, anajua kwa nini ana haraka.

Roommate wangu amerudi muhula huu, mwaka mmoja nyuma yangu. Anatembea, ila ngazi za ghorofani anapanda taratibu, mkono ukutani. Hajawahi kunilaumu. Nabeba begi lake na tunapanda wote.