Mzigo wa Ng'ambo Huachiwa Bibi

Siku hizi, katika ofisi za walimu wakati wa chai ya saa nne, na katika korido za wizara na halmashauri, posho na uhamisho si mazungumzo tena. Kinachozungumzwa ni ng'ambo: nani amepata viza, nani ameletewa barua ya chuo cha Uingereza, wakala gani ni mwaminifu na yupi ni mwizi. Watu wazima, wenye shahada na watoto, huketi wakapiga hesabu nyuma ya daftari la mahudhurio: mshahara wa mwezi huku, ujira wa saa moja kule, nauli ya ndege, kodi ya chumba. Mwisho wa hesabu hiyo ng'ambo hushinda daima. Haina budi kushinda, kwa sababu hesabu yenyewe imepigwa nusu.

Nusu iliyoachwa ni ile ya watu wasiopanda ndege. Uingereza, kwa upande wake, haikuwaficha watu hao. Kwa masomo yaliyoanza tangu tarehe 1 Januari, 2024, mwanafunzi mgeni alikatazwa kwenda na mume, mke au watoto, isipokuwa wachache, kama yule wa shahada ya utafiti. Tarehe 11 Machi mwaka huo huo katazo hilo likawashukia wahudumu wa kulea wazee na wagonjwa. Na tarehe 22 Julai, 2025 mlango wa wahudumu ukafungwa kabisa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi ile. Maana yake ni wazi: wakubwa wa huko wanautaka mgongo wa mtu mzima, lakini hawamtaki mtoto aliyebebwa mgongoni hapo. Wakala anayeendelea kuuza nafasi za uhudumu baada ya tarehe hiyo anauza moshi, na mwalimu anayeununua kwa mkopo wa kausha damu asije akasema hakuambiwa.

Chukua mfano wa mwalimu wa sekondari aliyeko Mbeya, mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka minne na mwingine wa darasa la tano. Amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya mwaka mmoja. Kiwanja kimeuzwa. Ada imelipwa, na ile tozo ya matibabu, ambayo mwezi Februari 2024 ilipandishwa hadi pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, nayo imelipwa kabla hajaiona theluji. Anajua kwamba wakati wa muhula ataruhusiwa kufanya kazi saa 20 tu kwa wiki. Hayo yote ameyaandika. Wiki moja kabla ya safari anapanda basi hadi Tukuyu, na watoto wawili na mabegi mawili, kwa mama yake mzazi.

Mama huyo ana miaka sitini na saba. Magoti yanamuuma tangu mvua za masika zianze. Amekwisha kulea watoto sita wa tumbo lake, na alikuwa ameanza kuzoea kulala mchana. Sasa kuna uji wa alfajiri, sare za kufua, vikao vya wazazi, daftari la hesabu ambalo yeye mwenyewe hawezi kulisoma, na usiku mmoja wa homa ambapo lazima ambebe mtoto mpaka zahanati kwenye utelezi. Bibi huyu hakuulizwa, aliarifiwa. (Angekuwa baba ndiye anayeondoka mambo yangekuwa yale yale, ila taarifa ingekuwa fupi zaidi.) Na kwa kuwa mzazi wa Kiafrika hamfukuzi mjukuu mlangoni, ukimya wake ukapokewa kuwa ni baraka.

Watetezi wa safari watasema: fedha zitakuja. Ni kweli, huja, na zimeezeka mapaa mengi. Lakini fedha inayoingia kwa simu haishiki mkono wa mtoto gizani. Wala mwaka mmoja hauwi mmoja. Baada ya masomo hutafutwa kazi, baada ya kazi hutafutwa haki ya ukaazi, na baada ya ukaazi uraia. Na kwa sheria yetu mtu mzima hawezi kuwa raia wa nchi mbili. Siku mama anaporudi kwa likizo na begi la viatu, yule wa miaka minne amekuwa wa miaka tisa, naye hujificha nyuma ya kanga ya bibi na kuuliza mgeni huyu atalala wapi. Ndoa nazo zina yake.

Upo pia unafiki wa cheo. Msichana wa darasa la saba akienda Muscat kufanya kazi za ndani, waheshimiwa wa ofisini husikitika na kusema amepotea. Mwenye shahada akienda kuwaosha wazee wa watu katika mji wa Kiingereza, wakati mama yake hana wa kumchotea maji, husemwa ametoka kimaisha. Kazi ya kumwosha mzee ni ya heshima popote. Kinachotia aibu ni kuidharau kwa mmoja na kuisifu kwa mwingine kwa sababu ya sarafu inayolipwa.

Umma nao unadai. Kwa wengi, shahada iliyowafungulia mlango huo imetokana na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwajiriwa wa hapa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kulipa deni. Aliyeko ng'ambo hakatwi na mtu, na jina la mdhamini limo katika mkataba. Pensheni hudai michango ya miezi 180. Utoro wa zaidi ya siku tano ni kosa la kufukuzwa kazi.

Mwaka 1964, akilieleza Bunge Mpango wa Kwanza wa Miaka Mitano, Mwalimu Nyerere alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula kingine. Asipoleta ni msaliti. Wahamaji wameupenda mfano huo. Nasi, wasema, tumekwenda mbali na tunaleta. Hoja hiyo haipuuzwi kwa kelele. Lakini mtu yule alitumwa na kijiji, na kijiji kilijua anakwenda wapi na atarudi lini. Hakujituma usiku, akakiachia kijiji watoto wake wakile chakula kisichokuwapo.

Wala wanaopiga kelele za usaliti wasijione wasafi. Mkubwa aliyeuacha mlundikano wa madai ya walimu mezani, ilhali mwanawe anasoma ng'ambo, hana kinywa cha kumkemea mwalimu aliyechoka kungoja fedha ya uhamisho. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya mwaka 2023, liliitaja Tanzania miongoni mwa nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya. Muuguzi haondoki katika nchi ya namna hiyo kwa tamaa peke yake. Alipwe stahili yake kwanza, ndipo aulizwe uzalendo wake.

Hata hivyo malimbikizo ya mshahara si deni la bibi wa Tukuyu. Anayetaka kwenda na aitishe kikao cha ukoo kabla ya kuuza kiwanja, si baada. Ataje miaka, ataje fedha ya kila mwezi, ataje nani atambeba mtoto usiku ikiwa bibi mwenyewe ataugua. Kisha anyamaze, na bibi aseme wa kwanza, bila kuonyeshwa barua ya chuo. Akisema hawezi, watoto hawaendi Tukuyu. Na kama hakuna pengine pa kuwapeleka, mama haendi Uingereza, hata kama tiketi imekwisha katwa.