Mbuga Iliyobaki Ndani ya Ua

Wanasemantiki hutufundisha kwamba maana ya neno yaweza kupanuka au kufinyaa. Mfano ambao ningependa wahadhiri wetu wautumie darasani ni neno 'mbuga'. Hapo awali mbuga ilikuwa uwanda mpana wa nyasi, uwe na wanyama usiwe nao. Huko Tanganyika wataalamu wa udongo hata walilichukua neno hilo kuuita udongo mweusi wa mabondeni, ule ugeukao tope wakati wa mvua na kupasuka nyufa kiangazi. Leo mwulize mwanafunzi wa sekondari hapa Kenya mbuga ni nini, naye atakujibu kuwa ni mahali pa kutazamia simba kwa kulipa kiingilio. Neno limetiwa ndani ya ua, na ardhi yenyewe inalifuata. Sisi tunaojiita walinzi wa lugha hii tumeyatazama hayo yote kimya.

Tuzichukue nyanda za Athi-Kaputiei, kusini mwa jiji la Nairobi. Mbuga ya Taifa ya Nairobi iliasisiwa mwaka wa 1946. Ina ukubwa wa kilomita mraba 117 hivi, na upande wake wa kusini uliachwa wazi. Wakati wa mvua nyumbu na punda milia walitoka humo wakaenda Kitengela na mbele yake, kwenye nyasi fupi zenye madini yanayomfaa mnyama anyonyeshaye. Kiangazi kilipokaza wakarejea kufuata maji. Kisha sheria ya mwaka wa 1968 ikaleta ranchi za vikundi. Ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka wa 1988, kila mwanachama akapewa kipande chake. Baada ya hapo zikaja seng'enge, machimbo ya mawe, viwanda na nyumba za kupangisha. Nyumbu wa nyanda hizo walikuwa zaidi ya 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1970. Miongo mitatu baadaye hawakufika 5,000.

Lakini nyumbu ana wa kumlilia. Ni nani aliyewahi kuzililia nyasi? Hata methali yetu tuipendayo, ile ya tembo wapiganao, huzitaja kama mhanga tu, bila kutuambia ni nyasi gani.

Nyasi zilizotawala nyanda hizo ni zile ziitwazo na wataalamu Themeda triandra, ambazo zikikomaa hugeuka rangi ya shaba. Hizi si za msimu mmoja. Hukua kwa mashina yaliyoshikamana, huishi miaka mingi, na mbegu yake ina unywele mrefu ambao hujisokota na kujisokotoa kadiri unyevu unavyobadilika, hadi mbegu ikajichimbia ardhini. (Ufundi huo wa maumbile ungemtosha malenga kwa beti nyingi.) Zimezoea kuliwa kisha zikaachwa zipumue, tena moto wa mara kwa mara haziuogopi. Zisichoweza kuvumilia ni mambo mawili yaliyo kinyume. Mifugo ikifungiwa katika ekari chache na kuzila mwaka mzima bila likizo, hudhoofika, nafasi yake ikashikwa na mimea ya msimu na vichaka visivyoliwa. Zikiachwa pasipo mlaji wala moto, hurefuka, hukauka na kujizibia mwanga zenyewe, zikawa makapi yasiyomfaa swala. Seng'enge moja, basi, huleta madhara yote mawili: ya kwanza upande huu, ya pili upande ule. Plau ni mbaya zaidi kwa kuwa hung'oa mizizi. Nyanda za Loita, wilaya ya zamani ya Narok, zililimwa ngano kwa trekta, na nyumbu wa Mara na Loita wakapungua kutoka 119,000 hivi mwaka wa 1977 hadi 22,000 hivi mwaka wa 1997.

Wapo watakaosema dawa ni kupanda miti. Mwaka wa 2022 serikali ilitangaza nia ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na penye msitu uliofyekwa siwezi kuipinga. Nachelea tu lile neno 'ardhi tupu' linalotajwa kila uwanda usio na miti unapoonekana. Baringo walipelekewa mathenge miaka ya 1980 ili azuie jangwa, akameza malisho. Kesi ya wakazi ilipofika mahakamani, mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake alipelekwa kuwa kielelezo.

Simlaumu Mmaasai auzaye shamba. Ana karo ya kulipa, na ukame haumsubiri. Mpango ulioanza mwaka wa 2000 huko Kitengela uliwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, wasilime wala wasiuze. Wazo lilikuwa jema, ila dola nne zitashindanaje na bei ya ploti?

Lawama yangu naielekeza kwetu. Katiba ya mwaka wa 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, ilhali ilani za kubadilisha matumizi ya ardhi aghalabu hubandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, mbele ya jirani asiyekisoma. Nazo kamusi zetu? Zina ukoka, ndago na matete, majina ya pwani na ya mkulima. Jina la Kiswahili linalokubalika kote la nyasi zile za shaba silioni, na kisicho na jina hutiwa katika fungu la magugu. Tumekwisha kuunda istilahi za kompyuta na za isimu. Kwa nini tusiende nyanjani na daftari? Kutoka Nairobi hadi Isinya si safari ya kulala njiani, na wazee wa Kaputiei wanaozitofautisha nyasi hizo kwa majina ya Kimaasai bado wapo.