Asiyekuwapo na Lake Halipo, Ila Nauli Hulipwa na Nani?

Taftishi ni mkutano wa wazi unaoitishwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, kabla ya kuamua maombi ya kubadilisha bei ya maji au umeme. Msingi wake umo katika Sheria ya EWURA ya mwaka 2001. Mwombaji husoma hesabu zake, watumiaji huhoji, mdhibiti husikiliza, kisha huamua. Viti vikibaki vitupu, hufuata kauli iliyozoeleka: mlango ulikuwa wazi, mwananchi hakuja, basi ameridhika, maana asiyekuwapo na lake halipo. Kutokana na imani hiyo, pendekezo la kuwarudishia wananchi gharama za kushiriki huonekana kama njama ya kununua maoni. Imani hiyo ni potofu, na ukiipima kwa maji ya miji ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, inaporomoka.

Juu ya uwanda wa Makonde mvua hunyesha lakini maji hayakai. Udongo wa kichanga huyameza hadi chini kabisa, yakaja kutokeza mabondeni na kwenye chemchemi za miguuni mwa uwanda. Kwa sababu hiyo Newala, iliyokaa ukingoni karibu na genge la Shimo la Mungu, hupandishiwa maji kwa pampu kutoka visima vya Mitema, bonde la Kitangari. Masasi, iliyoko chini upande wa magharibi kati ya milima yake ya mawe, hutegemea chanzo cha Mbwinji, na mamlaka yake ya maji, MANAWASA, huhudumia pia Nachingwea iliyoko mkoa wa Lindi. Kupandisha maji ni kununua umeme, na umeme ukipanda bei, gharama za maji hupanda nao. Ndoo moja ya Newala basi imebeba taftishi mbili: ya maji na ya umeme.

Wala kulipia maji si jambo geni huko. Katika miaka ya 1950, enzi za ukoloni, shirika la maji la Makonde liliwauzia wananchi maji kwa debe. Baada ya uhuru yakaja maji ya bure vijijini. Kisha Sera ya Maji ya 1991, na ile ya 2002 baada yake, zikarudisha uchangiaji. Watu ambao wazazi na babu zao walihesabu senti za debe hawahitaji kufundishwa umuhimu wa bei ya maji. Asiyepata maji ya bomba hurudi kwenye kisima cha kuhifadhi mvua kilichochimbwa nyumbani, na kisima kikikauka huteremka bondeni. Kuwaambia watu hao kwamba hawakuja ukumbini kwa sababu hawajali ni kuwadharau.

Wanachokosa ni nafasi katika bajeti zao. Mkulima wa Mnyambe anayetaka kusema Newala mjini, au wa Lukuledi anayetaka kusema Masasi mjini, analipa nauli ya kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na siku nzima ya kazi. Taftishi ikiangukia msimu wa kupulizia salfa, mikorosho haimsubiri. Ikiangukia Oktoba au Novemba, korosho ziko chini zinaokotwa, na minada ya vyama vya ushirika, MAMCU na TANECU, inaendelea. Mama anayelinda zamu yake ya mgao wa maji hawezi kuacha foleni asubuhi aende kusikiliza majedwali, ilhali anayeishi hatua 200 kutoka ukumbini huingia bila kuwaza. Mahudhurio, kwa hiyo, huonyesha umbali na kipato kuliko yanavyoonyesha ridhaa.

Nauli, hata hivyo, ndiyo sehemu ndogo ya gharama. Maombi ya bei huja na mpango wa biashara, makadirio ya mapato, gharama za umeme na dawa za kutibu maji, mishahara, madeni, na kiwango cha maji yanayopotea kabla ya kufika kwenye mita. Kuyapekua kunahitaji mtu wa hesabu, pengine na mhandisi, kwa siku kadhaa. Anayesimama akasema tu kwamba bei ni kubwa na maisha ni magumu hupigiwa makofi, kisha huandikwa mstari mmoja kwenye taarifa. Anayeonyesha kwamba upotevu wa maji umekadiriwa juu mno, na kwamba mtumiaji anatozwa kwa ajili ya maji yaliyomwagika barabarani, hubadilisha tarakimu. Wa kwanza amegharimika nauli. Wa pili amegharimika ujuzi, na ujuzi hununuliwa.

Upande wa pili wa meza, ujuzi huo umekwisha kununuliwa. Mamlaka ya maji inapoandaa maombi hutumia wahasibu wake, wanasheria wake, gari lake na mafuta yake, na watumishi wake husafiri kwa posho halali ya safari. Gharama zote hizo ni za uendeshaji, na gharama za uendeshaji hulipwa kwa ankara za wateja. Mdhibiti naye huendeshwa kwa tozo isiyozidi asilimia 1 ya mapato ghafi ya watoa huduma, nayo pia hutoka katika ankara hizo. Mwenye bomba Masasi amemlipa anayeomba bei ipande, amemlipa mwamuzi, ila anapotaka kujisemea mwenyewe anaambiwa atoe mfukoni. Hoja ya kurudisha gharama haiombi mtumiaji aanze kulipia taftishi. Anailipia tayari, ila pesa yake yote iko upande mmoja.

Kwa anayebeba ndoo, uzito wa uamuzi wa bei ni wa kuhesabika. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Nyongeza ya shilingi 10 tu kwa ndoo kwenye gati, yaani kituo cha kuchotea maji, ni shilingi 500 kwa uniti. Kaya inayotumia ndoo 6 kwa siku itaongeza shilingi 60 kila siku, sawa na shilingi 21,900 kwa mwaka. Hata hivyo nauli na siku ya kazi iliyopotea vinaweza kumgharimu mtu mmoja fedha zinazokaribia nyongeza hiyo ya mwaka mzima, ilhali faida ya kusema kwake itagawanywa kwa maelfu ya kaya. Mwenye akili timamu hubaki shambani, na maelfu wakifikiri hivyo, hakuna anayekwenda.

Pingamizi la kwanza dhidi ya marejesho ni kwamba watumiaji wana msemaji wao. Ni kweli kwamba Sheria ya EWURA iliunda Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo hupeleka maoni kwa mdhibiti na linaweza kuunda kamati za watumiaji mikoani. Baraza hilo ni la lazima, lakini ni moja kwa nchi nzima, na mzigo wake ni umeme, mafuta, gesi na makumi ya mamlaka za maji. Zaidi ya hapo, watumiaji si kundi moja. Mwenye bomba la nyumbani Newala mjini hunufaika gharama zikielekezwa kwenye magati. Mchota maji wa gati hunufaika zikielekezwa kwenye nyumba za wageni na viwanda vya kubangua korosho. Wa Nachingwea ana hoja ambazo wa Masasi hana. Msemaji mmoja akilazimika kuwasemea wote hao, hutafuta wastani, na wanyonge ndio hupotelea katika wastani.

Pingamizi la pili ni la posho, na lina mashiko. Nchi imezoea mikutano inayojaa kwa sababu ya bahasha na kumalizika bahasha zikigawiwa. Lakini posho ya kikao na kurudishiwa gharama ni vitu viwili. Posho hulipa kuwapo. Marejesho hulipa kilichotumika na kuthibitishwa, kwa mchango ulioonekana. Mahakama zimeijua tofauti hiyo siku nyingi. Sheria ya Mwenendo wa Madai humtaka anayeomba shahidi aitwe aweke kwanza mahakamani fedha za safari na gharama za shahidi huyo. Hakuna anayesema kwa hilo kwamba ushahidi umenunuliwa. Inatambuliwa kuwa shahidi hula, hupanda gari na huacha kazi yake. Mtumiaji wa maji anayeeleza kwenye taftishi kwamba mgao uliotangazwa haufiki kijijini kwake ni shahidi wa namna hiyo hiyo.

Pingamizi la tatu ni kwamba marejesho yatapandisha bei. Hesabu rahisi hulijibu. Tuseme mamlaka ina wateja 10,000 na marejesho ya taftishi moja ni shilingi milioni 6. Kila mteja atabeba shilingi 600, na bei ikidumu miaka 3, ni shilingi 200 kwa mwaka. Kiasi hicho hurudi kosa moja tu likigunduliwa kwenye majedwali. Maombi makubwa ya umeme yanaonyesha jinsi uchunguzi unavyoweza kupunguza. Shirika la umeme, TANESCO, liliomba nyongeza ya asilimia 67.87, likaidhinishiwa wastani wa asilimia 39.19 kuanzia Januari 2014. Baadaye liliomba asilimia 18.19, na EWURA ikaidhinisha 8.53. Tarakimu za mwombaji hazitoki mbinguni. Hupungua zikipekuliwa, na kila jicho la ziada lina thamani.

Pingamizi la nne hutolewa na waliokata tamaa: mwisho wa yote huamua wanasiasa. Wanaikumbuka ile asilimia 8.53, iliyopangwa kuanza tarehe 1 Januari 2017 na serikali ikaizuia kabla haijafika kwenye mita. Wengi walishangilia, na umeme wa bei ileile ni jambo jema kwa mlipaji. Lakini kilichojitokeza ni udhaifu wa taftishi isiyo na wenyewe. Uamuzi ambao watumiaji wa mikoani wameujenga kwa ushahidi wao, wenye hoja zilizoandikwa na kujibiwa, hauwezi kuvunjwa kwa siku moja bila maelezo. Ule walioutazama kwa mbali hauna wa kuutetea, uwe wa kupandisha au wa kushusha.

Kwingineko jambo hili limekwisha kuwa utaratibu. California, Marekani, ina sheria ya tangu miaka ya 1980 inayowalipa washiriki wanaotetea wateja, kwa sharti kwamba kushiriki kungewaletea ugumu mkubwa wa kifedha na kwamba walitoa mchango wa maana katika uamuzi. Mlipaji ni kampuni ya huduma, kisha gharama huingizwa katika bei. Huko Ontario, Kanada, bodi ya nishati huamuru mwombaji awalipe washiriki wanaostahili na hukata madai yaliyozidi. Taratibu hizo zina kasoro. California imelaumiwa kwa kuchelewesha malipo. Fundisho lake kwa Tanzania liko wazi: anayelipwa baada ya miezi mingi lazima awe na pesa ya kuanzia, na mkulima wa Chilangala hana.

Utaratibu unaofaa kwa uwanda wa Makonde unapaswa kuwa na ngazi mbili. Ya kwanza ni ya nauli na chakula kwa wawakilishi wachache wa kila kata, waliochaguliwa na mkutano wa kijiji, chombo cha watumia maji au chama cha msingi cha ushirika (AMCOS), nao wapewe kabla ya safari kwa kiwango kilichotangazwa. Ya pili ni ya utaalamu: kikundi cha watumiaji kiruhusiwe kumtumia mhasibu au mhandisi, na kilipwe baada ya uamuzi iwapo mdhibiti ataandika kwamba hoja zake zilisaidia, hata kama hazikushinda. Wafanyabiashara wakubwa wenye uwezo wa kujilipia waachwe nje. Mlipaji awe mwombaji, kiwango cha juu kiwekwe mapema, na orodha ya waliolipwa ibandikwe ofisi ya kata ili kila mtu aisome. Maombi yenyewe yafike kata kwa Kiswahili kinachoeleweka wiki kadhaa kabla ya siku ya mkutano.

Haja hii itakua. Mradi wa maji wa miji 28, unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 wa Benki ya Exim ya India, umeigusa Makonde pia. Pampu mpya na mabomba mapya huleta maji mengi, na pia umeme mwingi wa kulipia, matengenezo na uchakavu. Vyote hivyo huishia kwenye maombi ya bei. Siku maombi hayo yatakaposomwa Newala, upande mmoja utafika na gari, majedwali na mwanasheria, vyote vimelipiwa na wateja. Upande wa pili ukikosa nauli, atakachopima mdhibiti kwenye viti vitupu ni bei ya bodaboda kutoka Mnyambe.