Bei ya Mashine Si Bei ya Picha

Askari yeyote aliyepitia chuo cha mafunzo anajua kwamba bunduki siyo gharama kubwa ya vita. Bunduki hununuliwa mara moja na hudumu miaka mingi; kinacholiwa kila siku ni risasi, mafuta ya magari na chakula cha wapiganaji. Kwa sababu hiyo ofisa wa ugavi haridhiki kuambiwa kwamba bunduki zipo mia. Huuliza risasi zilizopo ni za siku ngapi. Busara hiyo, ambayo tunaitumia kazini bila kusukumwa na mtu, tunaisahau pale tunaposimama mbele ya kaunta ya duka tukitazama mashine ya kuchapia picha nyumbani. Pale twauliza bei ya bunduki tu, na risasi hatuzikumbuki mpaka zimekwisha.

Hatusemi kwamba haja ya mashine hizo ni ya upuuzi. Askari ni mtu wa safari. Tangu mwezi wa Machi 2007, askari wa Uganda walipotua Mogadishu, watoto wengi wamemjua baba au mama yao kwa picha ya ukutani miezi mingi kabla ya kumwona tena uso kwa uso. Polisi naye huhamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine, na familia si kila mara humfuata. Picha ya karatasi haihitaji chaji, haipotei simu inapoibwa, na bibi kijijini huipokea kwa mikono miwili. Aidha, picha ichapwayo nyumbani haiachi nakala yake ndani ya kompyuta ya mtu baki. Mwenzetu anayekabidhi simu yake kwenye kibanda cha mtaani ili achapiwe picha moja ya arusi, huku ndani ya simu hiyo mna picha za wenzake wakiwa lindoni, ambazo kwa kanuni hazikupaswa kuwamo, amekabidhi mambo mengi zaidi ya arusi yake.

Basi haja ipo, na ni ya haki. Kosa letu liko mahali tunapoanzia hesabu. Biashara ya mashine hizi imejengwa kwa namna inayojulikana dunia nzima: mashine huuzwa kwa bei ya chini, pengine bila faida yoyote, na faida hutafutwa katika wino utakaonunuliwa mwezi hadi mwezi. Tena katriji zinazokuja ndani ya boksi la mashine mpya mara nyingi zina wino pungufu kuliko zile zinazouzwa pekee. Mnunuzi hufurahi wiki mbili, wino ukaisha, na akirudi dukani huambiwa kwamba katriji mpya, ya rangi na ya nyeusi pamoja, zinakaribia bei ya mashine yenyewe. Hapo ndipo mashine inapoanza safari yake ya kwenda uvunguni mwa kitanda, na mkopo uliokopwa kwa ajili yake ukabaki kwenye mshahara.

Tuifanye hesabu hiyo kwa namba. Bei tutakazotaja ni za mfano tu. Kila mtu aweke bei za duka lake. Tuseme mashine ya kwanza inauzwa shilingi 200,000, na kila picha ya sentimita 10 kwa 15, wino na karatasi pamoja, inagharimu shilingi 1,800. Mashine ya pili inauzwa shilingi 800,000, na picha yake inagharimu shilingi 600. Studio ya mjini nayo inatoza shilingi 2,000 kwa picha. Mtu wa haraka atachukua mashine ya kwanza. Lakini mashine hiyo inamwokolea shilingi 200 tu kwa picha akilinganisha na studio, kwa hiyo itambidi achape picha 1,000 kabla ya kurudisha fedha zake. Mashine ya pili inamwokolea shilingi 1,400 kwa picha, nayo itazirudisha atakapofika picha ya 572. Ukizipanga namba hizo utaona jambo la ajabu: kwa picha chache, studio ndiyo nafuu, kwa picha nyingi, mashine ya bei kubwa ndiyo nafuu, mashine ya bei ndogo haipati nafasi hata mara moja. Wazee hawakukosea waliposema kwamba rahisi ni ghali.

Atauliza msomaji: nitaijuaje bei ya picha moja kabla sijanunua? Mwuzaji huonyesha boksi la katriji, na juu yake pameandikwa idadi ya kurasa. Idadi hiyo si ya uongo, ila ina maana yake. Kampuni nyingi huipima kwa kanuni ya kimataifa iitwayo ISO/IEC 24711, ambayo hutumia kurasa za ofisi, zenye maandishi na vielelezo kidogo. Kwa kawaida katika ukurasa wa namna hiyo kila rangi hufunika kama asilimia 5 tu ya karatasi. Ukurasa wa A4 una sentimita za mraba 624 hivi. Asilimia 5 yake ni kama 31. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ina sentimita za mraba 150, nayo hufunikwa yote, pembe hadi pembe. Kwa hiyo picha ndogo inayoenea kiganjani hufunikwa na wino mahali pakubwa karibu mara tano kuliko mahali ambapo rangi moja hufunika katika ukurasa mzima wa barua. Yeyote atakayeipokea namba ya kurasa kana kwamba ni namba ya picha atakuwa amehesabu risasi za mazoezi akadhani ni za vita. Njia iliyo salama ni kumwuliza mtu mwenye mashine ya aina hiyo hiyo: ukiweka wino mpya, unatoa picha ngapi? Kisha gawanya bei ya wino kwa idadi hiyo, ujumlishe bei ya karatasi moja.

Mashine zenyewe ni za namna tatu. Ya kwanza ni ya katriji ndogo. Katriji zake nyingi zina wino usiofika mililita 10, na ndizo zenye picha ghali. Ya pili ni ya matangi, ambayo humiminiwa wino kutoka kwenye chupa. Chupa ya rangi mara nyingi huwa na mililita 70. Asili yake yafaa kukumbukwa na kila mwenye mshahara mdogo. Watumiaji wa Indonesia, walipochoshwa na bei ya katriji, walianza kufunga matangi ya nje kwenye mashine zao kwa mipira na chupa. Kampuni ya Epson ilipoona hivyo, mwaka 2010 ilianza kuuza huko mashine yenye matangi iliyoyatengeneza yenyewe, na kampuni nyingine zikafuata. Yaani mashine iliyo nafuu leo haikuletwa na huruma ya wafanyabiashara. Ililetwa na wanunuzi waliojua kuhesabu.

Namna ya tatu haina wino wa maji. Hutumia utepe wenye rangi ya njano, waridi iliyoiva na samawati, ambao hupashwa moto rangi ikahamia kwenye karatasi, na mwishoni picha hupakwa utando wa kuilinda. Mashine za Canon ziitwazo SELPHY ni za aina hii. Utepe na karatasi huuzwa katika pakiti moja, na pakiti ya picha 108 ni ya kawaida. Uzuri wake ni kwamba hesabu haikudanganyi: gawanya bei ya pakiti kwa 108, umemaliza. Uzuri wa pili ni kwamba utepe haukauki kama wino. Askari anayekwenda operesheni miezi sita na kuifungia mashine ndani, akirudi ataikuta ilivyokuwa. Udhaifu wake ni kwamba haichapi barua wala karatasi ya A4, na picha kubwa haziwezi.

Hapa ndipo tunapotaka kusema lile tulilokusudia. Familia moja inayochapa picha 10 kwa mwezi huchapa 120 kwa mwaka. Katika mfano wetu, itaingoja mashine ya matangi karibu miaka mitano kabla ya kufikisha picha 572, na mashine hizi hazina ahadi ya kuishi miaka mitano. Familia hiyo, kwa maoni yetu, isinunue mashine. Iende studio yenye mtu inayemwamini, ikipeleka picha zinazohitajika tu kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu na kuiacha simu nyumbani. Lakini familia tano za kota moja, zikichapa picha 50 kwa mwezi, zitafika 600 kabla ya mwaka kwisha. Kinachomshinda mmoja, watano wanakiweza. Sisi ambao tumefundishwa kula sufuria moja na kulala hema moja, kwa nini kila mlango uwe na mashine yake iliyokauka wino?

Ushirika huo una sharti lake. Pawe na mtunzaji mmoja, na pawe na daftari. Kila picha iandikwe, mwenyewe alipe hapo hapo bei ya picha pamoja na sehemu ndogo ya matengenezo, na fedha ya wino isichanganywe na fedha ya sukari. Mali bila daftari huisha bila habari. Mahali ambapo hapana mtu wa kutunza daftari, ni heri mashine isinunuliwe kabisa, maana italeta ugomvi mkubwa kuliko thamani yake.

Wino nao unataka nidhamu, kwa sababu sehemu yake huisha bila kuchapa picha hata moja. Kichwa cha kuchapia kina vitundu vyembamba kuliko unywele. Mashine ikikaa bila kazi, wino hukauka humo, na mashine hulazimika kujisafisha kwa kuumwaga wino mzuri. Kwa hiyo ichapishe ukurasa mdogo wa rangi kila wiki. Wino huo ni mdogo kuliko ule wa kuzibua. Uizime kwa swichi yake yenyewe, wala usichomoe waya ukutani, kwani ikizimwa vizuri kichwa hurudi mahali pake na kufunikwa kisikauke. Katika sehemu ambazo umeme hukatika ovyo, izime mara umalizapo kazi. Usiamuru usafishaji mara tatu au nne mfululizo; safisha mara moja, jaribu, na kama bado, ipumzishe saa kadhaa. Chagua katika mashine aina ya karatasi uliyoweka kweli, la sivyo wino utamwagika mwingi kupita kiasi au picha itafifia. Na anayehitaji picha ndogo za fomu za shule azipange pamoja: karatasi moja ya sentimita 10 kwa 15 huenea picha nane za milimita 35 kwa 45. Anayechapa moja moja ametupa karatasi saba.

Kuhusu wino usio wa kampuni iliyotengeneza mashine, maneno ni mengi mitaani. Sheria haimfungi mnunuzi kama wengine wanavyotishwa: mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kampuni ya Lexmark, iliamua kwamba kampuni ikishauza katriji haiwezi kutumia hataza yake kumzuia mwingine asiijaze tena. Hata hivyo ruhusa ya sheria si dhamana ya ubora. Mwezi wa Septemba 2016 mashine nyingi za kampuni ya HP zilizikataa kwa ghafla katriji za kampuni nyingine, na wenye mashine wakabaki na katriji walizokwisha kuzilipia. Ushauri wetu ni kwamba wino wa namna hiyo ununuliwe kidogo kwanza, uwe umetengenezwa kwa mashine ya aina ile hasa, na picha moja ya majaribio iwekwe dirishani juani mwezi mzima karibu na picha ya wino wa asili. Ikipauka haraka, basi unafuu wake ni wa barua, si wa sura ya mtoto wako.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mazungumzo ya shilingi mia mia, na kwamba askari ana mambo makubwa zaidi ya kufikiri. Hatukubaliani nao. Bandu bandu huisha gogo, na mshahara wa askari haumalizwi na kitu kimoja kikubwa. Humalizwa na vitu vingi vidogo vilivyonunuliwa bila hesabu. Tena hapa si fedha peke yake inayopotea. Mtoto huwa na miaka mitano mara moja tu. Wino ukikosekana mwaka ule, na simu ikaibwa mwaka unaofuata, hakuna bohari litakalorudisha sura hiyo kwa baba aliyekuwa mpakani.

Kwa hiyo, wandugu askari wa jeshi na wa polisi, kabla ya kutoa fedha ulizeni maswali matatu, na majibu yake yaandikwe: Tutachapa picha ngapi kwa mwezi? Kila picha itatugharimu shilingi ngapi, wino na karatasi pamoja? Ni nani atakayeitunza mashine tutakapokuwa kazini? Mwenye majibu hayo anunue bila hofu. Asiyekuwa nayo aziweke fedha zake mfukoni, achague picha kumi anazozipenda kuliko zote, na azipeleke studio wiki hii hii.