Mwaka wa Mwisho na Mlango wa Dharura

Likizo iliyopita kaka yangu, ambaye yumo katika mwaka wa mwisho wa masomo ya udaktari, alimwambia baba ya kuwa anataka kuwa bingwa wa tiba ya dharura. Baba alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, daktari wa mlangoni hana mgonjwa wake. Mpasuaji huletewa kuku wa shukrani. Lakini wewe utakayempokea mtu akiwa hajijui, nani atakumbuka sura yako?" Tulicheka sote, lakini maneno hayo yamenikaa moyoni. Na kwa kuwa wengi wetu tunaosoma Biolojia na Kemia hapa shuleni tunatamani udaktari, naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini naona kaka amechagua vema, na jinsi inavyompasa kuutumia mwaka wake huu.

Kwanza tutazame mahali tunapokaa. Jumapili tarehe 3 Februari 2008, watu wakiwa makanisani, ardhi ya Rusizi, Nyamasheke na Bukavu ilitetemeka. Kuta zilianguka, na upande wetu wa Rwanda peke yake watu zaidi ya 30 walikufa, na mamia waliumia. Wengi wetu wakati huo tulikuwa wachanga au hatujazaliwa, lakini wazazi wetu wanakumbuka. Siku kama hiyo majeruhi hawaji mmoja mmoja kwa karatasi ya miadi. Huja pamoja, na Kigali iko mbali, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe, mwendo wa zaidi ya kilometa 200. Anayewapokea ni yule aliye zamu katika hospitali ya wilaya.

Serikali imefanya mengi. Mwaka 2007 ilianzishwa huduma ya SAMU, ambayo mtu huiita kwa simu nambari 912. Tangu 2016 ndege ndogo zisizo na rubani zapeleka damu hospitalini, zilianza kuruka kutoka Muhanga. Lakini gari humfikisha mgonjwa mlangoni tu, na ndege huifikisha damu hapo hapo. Ndani ya mlango yatakiwa akili na mikono ya mtu aliyefundishwa.

Kazi hii ni changa hata katika nchi tajiri. Huko Marekani, zamani mgonjwa wa dharura aliangaliwa na daktari yeyote aliyepatikana. Mwaka 1961 katika mji wa Alexandria, Daktari James Mills na wenzake waliacha shughuli zao nyingine ili wakae katika chumba cha dharura usiku na mchana. Mafunzo ya kwanza ya ubingwa huo yalianza Cincinnati mwaka 1970, na mwaka 1979 ukakubaliwa rasmi kuwa ubingwa. Jirani zetu wa Tanzania walifungua idara yao ya dharura Muhimbili mwaka 2010. Rwanda nayo ilianza kufundisha mabingwa wake katika miaka hiyo ya 2010. Basi anayeingia leo haji kukaa kwenye kiti kilichopashwa moto na wengine, bali atasaidia kukichonga.

Sasa nije kwenye mwaka wa mwisho. Mwanafunzi wa Marekani hupeleka maombi ya ubingwa akiwa bado chuoni. Kwa hiyo mwaka wake wa mwisho huupanga kama mtu anayeomba kazi: hufanya mwezi mmoja au miwili katika idara za dharura, mapema, ili wakubwa wamwone na kumwandikia barua. Kwetu sivyo. Baina ya shahada na ubingwa, daktari mpya kwa kawaida hutumwa kwanza kutumika katika hospitali ya wilaya. Pengine atakuwa peke yake usiku wa manane, na wauguzi wawili watatu. Kwa sababu hiyo nasema: daktari wetu asiupange mwaka wa mwisho kwa ajili ya barua, aupange kwa ajili ya usiku ule.

Akiwaza hivyo, mambo mengine yanafuata yenyewe. Aombe siku nyingi kwa watoa dawa ya usingizi, ajifunze kushika taya na kumpulizia hewa mgonjwa asiyepumua, maana mtu aweza kungoja dawa saa nzima, lakini hewa haingojwi hata dakika kumi. Asikimbie wodi ya wazazi wala ya watoto akidhani si njia yake. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, na mtoto anayetetemeka degedege kwa malaria, hao ndio dharura zetu. Azijue zamu za usiku za chumba cha dharura, akae karibu na muuguzi mzoefu, amwone anavyowapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao wala si kwa kutangulia kufika. Tena mara nyingi anayepiga kelele zaidi siye mgonjwa zaidi. Aliyenyamaza pembeni huenda ndiye anayekufa.

Kaka ana daftari. Kila baada ya zamu huandika jambo moja ambalo hakulijua usiku ule, na hapumziki mpaka amelisoma. Naona daftari hilo lina faida kuliko cheti.

Wako watakaoniambia, "Haraka haraka haina baraka." Ni kweli, lakini methali hiyo yamhusu asiyejua atendalo. Aliyezoea hafanyi haraka. Anajua tu lipi litangulie. Wengine watasema kazi hiyo huchosha, ina usiku mwingi, wala haimpi mtu zahanati yake mwenyewe. Hilo nalikubali. Anayetafuta mali kwanza atafute penginepo, na asilaumiwe.

Lakini baba naye yafaa ajibiwe. Ni kweli daktari wa mlangoni hana mgonjwa wake. Bali mpasuaji hapasui maiti, wala kuku haletwi na aliyezikwa. Kila shukrani inayomfikia bingwa wa ndani imepitia mikononi mwa mtu aliyesimama mlangoni. Baba hajakubali bado, ila juzi aliuliza nambari ya SAMU ni ngapi, akaiandika ukutani.

Namaliza kwa ombi kwenu, wazee wa shule yetu mlio vyuoni na mahospitalini. Mnapopita Gihundwe, tupeni saa moja ya Jumamosi. Tufundisheni kuzuia damu kwa kitambaa, na kumlaza vizuri aliyezimia. Pikipiki zinapita barabarani kila siku, na ajali haina kinga. Sisi tulio nje ya hospitali ndio mlango wa kwanza kabisa, nasi bado hatujafundishwa.