Bosi Si Baba Mkwe

Jamani, kuna neno moja likitamkwa kwenye kikao cha ofisi naanza kuushika mkoba wangu vizuri. Neno lenyewe ni "familia". "Wapendwa, hapa sisi ni familia moja." Ukilisikia saa 11 kasorobo jioni, basi ujue saa 11 huondoki.

Niliwahi kufanya kazi kwenye ofisi ya namna hiyo hapa Dar. Keki ya kila aliyezaliwa, fulana za rangi moja siku ya bonanza, bosi anatuita "wanangu". Raha tupu! Mpaka siku ukiomba likizo. "Sasa unatuacha wakati familia ina shida?" Mwenzetu mmoja aliulizia malipo ya muda wa ziada, akajibiwa kwa upole kabisa: "Kumbe tumefika mahali pa kuhesabiana?" Akanywea. Na sisi wengine tukawa tunaangalia meza.

Ndiyo ujanja wa neno hilo, msomaji wangu. Linaigeuza haki yako kuwa utovu wa adabu. Tumelelewa kwamba baba hahojiwi mbele za watu, basi bosi akijifanya baba tunafunga midomo. Ya moyoni tunakwenda kuyamwaga kwa mama ntilie na kwenye lile grupu la WhatsApp ambalo bosi hayumo. Yeye anaona tunacheka, anadhani mambo safi. Halafu watu wanaanza kuacha kazi mmoja mmoja, na kwenye kila sherehe ya kuaga sababu ni ile ile: "nimepata fursa mpya". Hakuna anayesema ukweli, na bosi hajifunzi kitu.

Tatizo ni kwamba hasira hiyo haibaki ofisini. Inapanda daladala na wewe mpaka nyumbani. Shoga yangu mmoja alikaa miezi kadhaa akiamini mumewe ana nyumba ndogo. Mtu anarudi saa 4 usiku, simu kila saa, chakula kinapoa kwenye kawa, ukimuuliza anawaka. Alipochunguza akakuta hakuna mwanamke yeyote, kuna meneja. Aliniambia, "Angekuwa mwanamke, angalau ningejua nagombana na nani." Nilicheka, lakini yeye hakucheka. Mtoto wao alikuwa anamwona baba yake Jumapili tu, tena amelala.

Sasa tuseme wazi: kampuni si familia, ni mkataba. Na huo si ubaya, kwa sababu mkataba una mipaka. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Muda wa ziada ni kwa makubaliano, usizidi saa 50 katika wiki nne, na unalipwa si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Ila angalia: kama unasimamia wenzako kwa niaba ya mwajiri na unaripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu, hivyo vifungu vya saa havikuhusu. Usiende kugombana kabla hujajua uko upande gani.

Ukishajua, acha kunung'unika, anza kuandika. Daftari dogo tu: tarehe, saa uliyoingia, saa uliyotoka, nani aliagiza ubaki. Baada ya mwezi nendeni wawili au watatu kwa bosi, asubuhi, akiwa ametulia, mkiwa na hizo namba. "Tumechoka" anaweza kuipuuza. "Mwezi huu tumefanya saa 38 za ziada, hatujalipwa" ni ngumu kuipuuza. Wapo mabosi ambao kweli hawakuwa wanajua, na hao hubadilika.

Asipobadilika, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Lakini ina muda wake: mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Ukikaa mwaka mzima unalalamika kwenye grupu, ndo umeshachelewa.

Kama umeamua kuondoka, ondoka na mwenzi wako kwa maana ya mipango. Kaeni chini, muulizane: kodi ya miezi sita ijayo inatoka wapi? Ada je? Tutaweka akiba mpaka mwezi gani? Wa mshahara wa mwezi anatoa notisi ya siku 28, kwa hiyo barua ya hasira ya Ijumaa jioni haina faida. Na mpaka siku hiyo ifike, wekeaneni utaratibu: nusu saa ya kumsema bosi, kisha jina lake lisitajwe tena. Kitandani mnatosha wawili.

Na wewe uliyepandishwa cheo juzi, usijifiche, nakuona. Kesho utajikuta unawaambia vijana wako "sisi ni familia". Kama unawapenda kweli, walipe muda wao, idhinisha likizo zao bila kuwanunia, na saa 11 ikifika wewe uwe wa kwanza kusimama. Mkubwa asipoinuka, hakuna anayethubutu kuinuka.

Wana familia zao, na zinawasubiri.

Tukutane mwezi ujao.