Wastani wa Nini?

Nilipomaliza kidato cha nne, mwalimu wa darasa aliniandikia neno moja mbele ya kila somo isipokuwa Kiswahili: Wastani. Baba aliisoma ile ripoti mara tatu, akaikunja, akaitia mfukoni. Hakunigombeza wala hakunipongeza. Tangu siku hiyo neno hilo mimi nalijua kuliko wengi wanaolitumia. Mtu wa wastani ni yule ambaye hakuna anayejua amfanye nini.

Nalitaja kwa sababu limenirudia tena, safari hii kwenye kikao chetu cha kusomeana hadithi. Nilisoma sura ya saba ya riwaya ninayohangaika nayo mwaka wa tatu sasa. Ndani yake mna jaji mzee wa mahakama ya juu kabisa ya nchi, na nimemfanya kuwa zamani alikuwa diwani, kisha mbunge. Kabla sijafunga daftari, kaka yetu mmoja ambaye ni karani mahakamani akainua mkono. Jaji wako haaminiki, akasema. Mtu aliyewahi kuomba kura hawezi kukaa kwenye kiti kile. Atakuwa analipa fadhila mpaka afe. Dada mmoja akanitetea, lakini utetezi wenyewe lo! Akasema hapana, mwanasiasa anaweza kuwa jaji mradi awe mtu wa wastani, wa katikati, kama yule gavana wa Nevada waliyetaka kumpeleka Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2016.

Ndugu zangu, wote wawili wamekosea, na kwa kuwa siku ile nilikuwa na hasira sikusema vizuri, naomba nafasi hapa niseme.

Tuanze na huyo wa Nevada, maana wengi tulimsikia na tukamsahau. Februari 13, 2016 alifariki Jaji Antonin Scalia, kiti kimoja kati ya 9 kikabaki wazi. Rais Obama alikuwa wa chama cha Democratic, lakini Seneti, ambayo ndiyo inayoidhinisha majaji, ilikuwa mikononi mwa Republican, nao walishasema hawatamsikiliza mtu yeyote atakayeletwa na Obama. Baada ya siku 11 hivi zikavuma habari kwamba Ikulu inampima Brian Sandoval, gavana wa Nevada, Mrepublican. Angalia hesabu yake: ni wa chama kile, lakini anakubali haki ya mwanamke kutoa mimba, ni wa chama kile, lakini alipanua bima ya afya ya maskini kwa sheria ya Obama, na mwaka 2015 akapandisha kodi kwa ajili ya shule. Basi wakasema huyu ndiye, hana makali upande wowote. Kesho yake mwenyewe akajitoa. Obama akamteua Merrick Garland, naye jaji aliyesifiwa kwa ukatikati wake, na Seneti haikumpa hata siku moja ya kuhojiwa. Kiti kikakaa wazi mpaka 2017 akakalia Neil Gorsuch, chaguo la rais mwingine.

Sasa nauliza, ukatikati uliwafaa nini? Garland alichaguliwa ili asimwudhi mtu, na waliokusudiwa wasiudhike hawakufungua hata mlango.

Lakini hoja yangu haiishii hapo kwamba mbinu ilishindwa. Hata ingefaulu ningeuliza: katikati ya nini na nini? Bungeni, katikati ni mahali halali. Wewe unataka kodi shilingi 20, mimi nataka 10, tunakutana kwenye 15, tunaenda kunywa chai. Mahakamani watu hawaendi kutafuta 15. Mtoto ama ana haki ya kuingia shule ile ama hana. Ukimruhusu aingie Jumatatu na Jumatano tu, hujakuwa wa wastani, umekuwa mwoga mwenye joho.

Na mfano huu wa shule sikuutunga. Mwaka 1953 Mahakama hiyohiyo ya Marekani ilikuwa na kesi mezani, Brown dhidi ya Bodi ya Elimu, juu ya watoto weusi kutengwa na shule za weupe. Majaji walikuwa wameisikiliza Desemba 1952, wakagawanyika, wakaamua isikilizwe upya. Septemba 1953 Jaji Mkuu Fred Vinson akafariki. Rais Eisenhower akamtia kwenye kiti hicho nani? Earl Warren, gavana wa California, mtu ambaye hakuwahi kuwa jaji hata wa baraza la kata! Baba yake alikuwa mfanyakazi wa reli. Yeye alikuwa mwendesha mashtaka wa kaunti, kisha mwanasheria mkuu wa jimbo, kisha gavana aliyechaguliwa mara 3, na mwaka 1946 alishinda kura za mchujo za vyama vyote viwili kwa mpigo. Mwaka 1948 akagombea umakamu wa rais, wakashindwa. Ukitafuta mwanasiasa wa wastani, huyo ndiye ungemtia kwenye kamusi. Na Eisenhower alikuwa amekwisha kumwahidi nafasi ya kwanza itakayotokea. Kaka yangu karani, hapo najua unatabasamu. Fadhila hiyo! Subiri kidogo.

Warren alipofika hakuwaharakisha wenzake. Katika kikao cha kwanza cha faragha hakupiga kura. Aliacha watu wazungumze. Akala nao chakula cha mchana. Akawapitia mmoja mmoja miezi kadhaa. Hukumu akaiandika fupi, kwa maneno ambayo mtu asiye mwanasheria angeyasoma gazetini akaelewa, na Jaji Robert Jackson aliyekuwa hospitalini kwa ugonjwa wa moyo akampelekea nakala kwa mkono wake mwenyewe. Jaji wa mwisho kukubali alikuwa Stanley Reed wa Kentucky. Mei 17, 1954 ikasomwa: 9 kwa 0. Jackson alitoka kitandani akaja kukaa na wenzake siku hiyo.

Hiyo, mabwana, ni kazi ya mtu aliyewahi kwenda nyumba kwa nyumba. Msomi safi angeandika hukumu ndefu yenye tanbihi 200 akashinda 5 kwa 4, na majimbo ya Kusini yakasema, mnaona, hata wenyewe hawajakubaliana. Na yale majimbo yalipinga kweli, kwa miaka mingi. Fikiria ingekuwaje kama yangekuwa na majaji 4 wa kuwashikia bendera. Tena si Warren peke yake. Katika wale 9, Hugo Black, Harold Burton na Sherman Minton walikuwa wamekuwa maseneta, Reed alikuwa mbunge wa jimbo lake. Watano kati ya tisa walikuwa wamewahi kuomba kura! Leo katika mahakama hiyo hayupo hata mmoja. Wa mwisho alikuwa Sandra Day O'Connor, aliyekuwa kiongozi wa walio wengi katika seneti ya Arizona; aliondoka Januari 2006.

Umeona sasa nilichosema juu ya wastani? Warren aliitwa kwa sababu ni mtu wa katikati, na alipokaa hakukaa katikati. Katikati ya mwaka 1954 ingekuwa kutenga watoto kidogo.

Haya, nimesema upande unaonipendeza. Ningekuwa mwongo nikiishia hapo, na nisingepona kwa kaka karani, maana anasoma yule.

Mwaka 1942 huyuhuyu Warren, akiwa mwanasheria mkuu wa California na anautaka ugavana, alikuwa mstari wa mbele kudai watu wenye asili ya Japani waondolewe pwani. Wakaondolewa watu kama 120,000, wengi wao raia waliozaliwa palepale, wakafungiwa makambini hawana kosa. Warren akashinda ugavana. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu mwaka 1944, majaji 6 walibariki, na aliyeandika hukumu hiyo ya aibu ni Hugo Black, seneta wa zamani niliyemsifu aya mbili zilizopita. (Na zamani zaidi aliwahi kuwa mwanachama wa Ku Klux Klan. Ndiyo, najua.) Lakini mmoja wa watatu waliokataa, aliyesema waziwazi kwamba huu ni ubaguzi wa rangi, alikuwa Frank Murphy, na Murphy alikuwa meya wa Detroit na gavana wa Michigan. Kwa hiyo kuomba kura hakumfanyi mtu mwema. Sijasema hivyo. Mwenye kusema hivyo hajawahi kuwaona madiwani wetu mwezi wa kampeni.

Ninachosema ni kwamba kunampa mtu jambo fulani ambalo vitabu havimpi. Warren mwenyewe aliandika katika kumbukumbu zake, zilizotoka baada ya kufa kwake, kwamba aliujutia sana ule uamuzi wa 1942, hasa akiwafikiria watoto waliong'olewa makwao. Na kuna jingine. Alipokuwa gavana alitetea mpangilio wa seneti ya California ambamo kaunti ya Los Angeles, hata ilipofikisha watu zaidi ya milioni 6, ilikuwa na seneta 1, na mahali pengine watu 14,000 hivi nao walikuwa na seneta 1. Mwaka 1964, akiwa Jaji Mkuu, aliandika hukumu iliyouvunja mpangilio wa aina hiyo nchi nzima. Ule ujanja aliujua kwa sababu uliwahi kumfaa. Aliyeiba maembe utotoni ndiye anayejua ni tawi gani la kukata.

Hapa naomba radhi nizungumze ya nyumbani. Mama alikuwa na kesi ya kiwanja alichoachiwa na babu. Mwenyekiti wa baraza alimwuliza kitu kimoja tu: hati iko wapi? Hati haikuwepo. Pembeni alikaa mzee wa baraza, zamani diwani, mzee wa kofia na bakora, akauliza: huu mwembe uani nani aliupanda, na maembe yake nani amekuwa akiyala miaka yote hii? Shahidi wa upande wa pili akababaika mbele ya watu. Lakini maoni ya mzee wa baraza kisheria hayambani mwenyekiti. Tulishindwa. Sisemi mwenyekiti alihongwa, wala sina ushahidi. Alikuwa kijana msafi, mwenye digrii, na naamini alilala vizuri usiku ule. Yule mzee aliuliza alivyouliza kwa sababu alikanyaga nyua za watu miaka 15 akiomba kura, akapewa maembe.

Basi nikisikia jaji wa juu anatakiwa awe mtu asiyewahi kuchafuka, napata baridi.

Dada yangu atauliza: sasa Sandoval ulitaka apite au asipite? Ningempitisha, lakini si kwa ukatikati wake. Ningempitisha kwa sababu aliwahi kuwa mbunge wa jimbo, mwanasheria mkuu, jaji wa shirikisho na gavana, akayaona maisha kwa pande nne. Jambo moja tu lilinikunisha kichwa: mwaka 2009 aliacha ujaji wa shirikisho, kazi ya maisha, akaenda kugombea ugavana. Hilo ndilo la kuogopa kweli. Mwanasiasa kuwa jaji sawa, lakini jaji mwenye jicho moja mlangoni, hapana. Charles Evans Hughes alikuwa gavana wa New York, akawa jaji wa mahakama hiyo ya juu, mwaka 1916 akajiuzulu akagombee urais, akashindwa, na mwaka 1930 akarudishwa kuwa Jaji Mkuu. Mimi mlango huo ningeupigilia misumari: ukiingia, hakuna kura tena mpaka kaburini. Ukimfungia huo mlango, hiyo fadhila anayoihofia kaka karani italipwa kwa nini? Eisenhower alitegemea jaji wa wastani, na kwa maelezo mengi alikuja kuuona uteuzi ule kuwa kosa. Ukitaka kipimo cha jaji huru, mimi nakiona hapo.

Wala tusijifanye haya ni ya ng'ambo. Kenya hapo jirani, Njoki Ndung'u aliingia bungeni kama mbunge wa kuteuliwa, akaipigania sheria ya makosa ya kujamiiana mpaka ikapita mwaka 2006, na mwaka 2011 akawa jaji wa Mahakama ya Juu ya kwanza. Mwaka 2017 wenzake wanne walipofuta uchaguzi wa rais, yeye na mwenzake mmoja walikataa. Unaweza kuichukia hukumu yake, wengine wanaipenda, lakini usiniambie mtu wa namna hiyo haaminiki katika riwaya. Yupo.

Kwa hiyo diwani wangu wa sura ya saba abaki jaji. Ila kaka karani amenifaa kwa jambo moja, nami nakiri mbele ya wasomaji: nilikuwa nimemwandika msafi mno. Nimeirudia sura yote. Sasa mwaka aliogombea ubunge aliwahutubia watu sokoni, akaahidi kuwafukuza wachuuzi fulani wa kabila fulani ili apate kura, na akapata, nao wakafukuzwa. Miaka 30 baadaye mtoto wa mmoja wao anasimama mbele yake na kesi. Sijajua bado atahukumu vipi. Kikao kijacho nitawasomea nilipofikia, na kaka aje na majibu yake yameandikwa, maana ya mdomoni tumeshayasikia.